Mafuta ya ua la mdanzi yamemuunguza bi harusi wangu

Shikamoo bibi,

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Tanga. Kazi hii nilifundishwa na somo yangu na huu ni mwaka wa tisa naifanya. Singo yangu, ile ya kumsugulia bi harusi, naitwanga mwenyewe kinuni: liwa, waridi kavu, karafuu kidogo, asumini, langilangi, na mkilua nikiupata. Sijawahi kulaumiwa. Sasa nimelaumiwa, na kwa harusi ya watu ninaowaheshimu.

Miezi miwili iliyopita muuzaji mmoja wa manukato aliniletea chupa ya mililita 100 ya mafuta aliyosema ni neroli, yaani mafuta ya ua la mdanzi, ule mchungwa mchungu. Alisema ndiyo wanayopakwa maharusi wa Uarabuni, ngozi inang'aa na moyo unatulia. Nilimpa shilingi 18,000. Ni chupa nyeupe ya plastiki, ina picha ya chungwa lililokatwa nusu na ua pembeni. Harufu ilinipendeza, imechangamka, kama unapomenya chungwa na ganda linakurukia puani.

Ijumaa asubuhi nilimsinga bi harusi. Nilitia vifuniko viwili vya mafuta yale kwenye bakuli la liwa. Alipokwisha kuoga nikampaka tena mafuta yenyewe, bila kuchanganya na kitu, shingoni, mabegani na miguuni, ili anukie. Mchana wakamchukua ufukweni kupiga picha, amevaa gauni refu lililoacha mabega wazi. Alikaa juani kama saa moja na nusu.

Jumamosi jioni akaanza kulalamika kuwa mabega yanawaka moto. Jumapili, siku ya harusi yenyewe, shingo imeiva na imetoka malengelenge. Leo ni wiki ya pili. Malengelenge yamekauka, lakini yameacha mabaka ya kahawia, na mengine yamechora mistari mirefu kuteremka mgongoni. Miguu, iliyokuwa ndani ya gauni, haina hata kipele. Na mimi nina madoa mawili nyuma ya kiganja cha kulia. Siku ile nilianika nguo baada ya kumaliza kazi.

Mama yake anasema nimemuunguza mtoto kwa dawa nisizozijua. Anataka kumpaka mkorogo ili mabaka yaondoke kabla hajaenda kwao mume. Mimi sijui nimwambie nini.

Jambo la pili ni mama yangu. Ana miaka 67, ana presha, na usingizi umemkimbia. Muuzaji yule alinambia nimtilie matone matatu kwenye chai ya usiku. Nimemtilia siku nne.

La mwisho, nyuma ya nyumba yetu kuna mdanzi mkubwa alioupanda babu, baba yake mama. Ukichanua, uani kote kunanukia. Je, naweza kukamua mafuta yangu mwenyewe nikaachana na wauzaji? Shemeji yangu ana shamba la michungwa Muheza, naye anasema maua yake yangefaa.

Nisaidie bibi. Tangu siku ile sijapokea kazi nyingine.

Mpambaji, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimesimama penye mambo mawili: ile harufu ya ganda la chungwa, na ile mistari mgongoni. Nitayarudia. Kwanza mama.

Acha leo hii kumtilia mafuta yale kwenye chai. Mafuta ya namna hii, yawe safi au ya kughushi, hayanywewi. Hayachanganyiki na chai, yanaelea juu, na yanagusa koo na tumbo yakiwa makali vilevile kama yalivyotoka kwenye chupa. Tena hujui ndani ya chupa ile mna nini. Kesho asubuhi mpeleke zahanati apimwe presha, uende na chupa yenyewe mkononi, useme wazi: matone matatu, siku nne. Akianza kutapika, kuumwa tumbo au kuona kizunguzungu usingoje asubuhi. Na dawa zake za presha asiziache hata siku moja kwa ajili ya harufu yoyote ile.

Muuzaji wako huenda amesikia habari nusu. Kinachonywewa ni maji ya ua la mdanzi. Lebanon wanatia kidogo kwenye kikombe cha maji ya moto na kukiita kahawa nyeupe, ingawa kahawa haimo. Tunisia na Morocco wanayatia kwenye vitafunio vyao vya lozi. Maua yanapopikwa kwa mvuke, mvuke ukipoa unakuwa maji yenye harufu, na juu yake yanaelea mafuta kidogo sana. Maji yale ndiyo ya jikoni. Mafuta yale ndiyo neroli.

Sasa bi harusi. Mdanzi mmoja, mwanangu, unatoa mafuta ya aina tatu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ua linatoa neroli. Majani na vitawi vichanga vinatoa mafuta mengine, yenye harufu ya ukijani na uchungu, wenyewe wanayaita petigreini. Ganda la danzi lenyewe linatoa mafuta ya tatu, na haya mara nyingi hayapikwi, yanakamuliwa tu. Neroli ya kweli inanukia ua: tamu, laini, ina kitu cha asali na cha majani mabichi kwa mbali. Hainukii chungwa linalomenywa. Pua yako ya miaka tisa ilikwambia ukweli siku ile ile ya kwanza, ila hukujua inakwambia nini.

Mafuta ya ganda yaliyokamuliwa yana kemikali ziitwazo furanokumarini. Hazina madhara makubwa ukikaa ndani, lakini zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, zinaunguza. Ni zilezile zinazomuunguza mtu aliyekamua ndimu nyingi kisha akafanya kazi juani bila kunawa. Wauza miwa ya kukamua na wauza pweza wanaijua habari hiyo mikononi mwao. Moto hauji papo hapo. Unakuja kesho yake au keshokutwa, kisha malengelenge, kisha rangi ya kahawia inayofuata njia ile ile mafuta yalipotiririka. Ndiyo mistari unayoiona mgongoni. Kama ngozi yake ingekuwa imeyakataa tu mafuta, miguu nayo ingetoka vipele, maana uliipaka sawasawa na mabega. Miguu ilikuwa kivulini mwa gauni, ikasalimika. Na mkono wako ulioanika nguo umepata ya bi harusi.

Neroli iliyopikwa kwa mvuke haina tabia hiyo, kwa sababu furanokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke. Kwa hiyo, kwa jinsi unavyoeleza, ninaamini ulichopewa ni mafuta ya ganda yaliyovishwa jina la ua. Lakini mimi sijamwona binti, na mimi si daktari. Apelekwe kliniki ya ngozi, na hapo pia chupa iende.

Mkorogo usimguse. Hili mwambie mama yake hata kama atakukasirikia zaidi. Ngozi ile imeungua, bado inajijenga. Ukiipaka krimu yenye hidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo hata sheria ya nchi imevipiga marufuku kwenye vipodozi, utaiunguza mara ya pili, na baka lililokuwa liondoke lenyewe linaweza kugeuka la kudumu. Mabaka ya namna hii hufifia kwa wiki kadhaa, mara nyingine kwa miezi. Kinachoyachelewesha ni jua. Basi binti ajifunike kwa mtandio au kanga kila atokapo, apake krimu ya kuzuia jua daktari akiiruhusu, asisugue kwa dodoki, asipake ndimu. Mume wake ameshamwoa, mabega yatangojwa.

Nenda kwao wewe mwenyewe. Usimtume mtu na usipige simu. Chukua mtu mzima mmoja, somo yako kama yupo, ukae chini, uwaambie: niliuziwa mafuta yenye jina lisilo lake, nami nikayapaka bila kuyajaribu na bila kuyapunguza, nimekosa. Kisha ulipe gharama ya kliniki. Nasema "nimekosa" kwa sababu upande wako pia upo, na sitakuficha. Kifuniko kimoja cha chupa kama hiyo kinabeba kama mililita 5, nayo ni matone 100 hivi. Ulitia viwili kwenye liwa, kisha ukapaka tena mafuta matupu juu ya ngozi iliyotoka kusuguliwa. Hata neroli safi kabisa haipakwi hivyo.

Nikueleze bei, maana bei ndiyo ingekuokoa. Mji wa Nabeul, kwenye rasi ya Cap Bon huko Tunisia, ni moja ya sehemu zinazojulikana sana kwa neroli. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Aprili watu wanatandika shuka chini ya midanzi na kuchuma ua moja moja kwa mkono, umande ukishakauka. Ua likilala siku moja kwenye gunia linachacha, kwa hiyo linapikwa siku hiyohiyo. Majumbani wanawake bado wanapika maji ya maua kwa mtungi wanaouita qattar, kiwandani wanapika kwa mapipa makubwa ya mvuke, namna ileile wanavyopika mafuta ya makonyo ya karafuu kule Pemba au langilangi kule visiwa vya Komoro. Tofauti ni kwamba makonyo yana ukarimu. Ua la mdanzi halina: kilo 1,000 za maua hutoa kilo 1 hivi ya mafuta. Fikiria hizo ni mikono mingapi.

Ndiyo maana kilo moja inauzwa kwa maelfu ya euro. Tukadirie chini, tuseme euro 3,000. Mililita 100 ni kama gramu 87, basi chupa yako ingekuwa euro 261, zaidi ya laki saba za kwetu, kabla muuzaji hajatia faida yake. Wewe ulipewa kwa 18,000. Anayeuza neroli ya kweli anaiuza kwa kichupa cha mililita 1, 2 au 5, cha kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu mwanga na hewa vinaiharibu. Na ikishaharibika ndipo inapoanza kuwasha ngozi. Plastiki nyeupe haikai nayo. Kwenye karatasi lazima uone jina la mti, Citrus aurantium, pamoja na sehemu iliyotumika, yaani ua, nchi ilikotoka, na namba ya toleo. Picha ya tunda lililokatwa ni ya mafuta ya ganda.

Kuna wanaokwambia udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe: likikauka bila kuacha doa la mafuta, ni safi. Jaribio hilo linakamata mafuta yaliyoongezwa mafuta ya kupikia, basi. Manukato ya maabara na mafuta ya ganda nayo yanapotea karatasini vilevile, kwa hiyo usilitegemee.

Ukipata ya kweli, itumie hivi. Chukua mililita 30 za mafuta ya nazi mepesi au ya ufuta, tia matone 6. Hayo yanatosha shingo na mabega ya maharusi kadhaa, na harufu utaishangaa. Kwa mwili unaweza kufika matone 12, usizidishe. Wiki moja kabla ya singo, mpake bi harusi tone la mchanganyiko huo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Akiwa mjamzito, au ana pumu, au ngozi yake ina historia ya kukataa manukato, mwache na liwa na waridi tu. Na kwa kuwa tumelifungua jambo hili, pima pia karafuu na langilangi zako ikiwa unatumia mafuta yake badala ya maua. Karafuu inaunguza kuliko watu wanavyoidhania.

Kuhusu kutuliza moyo, muuzaji hakusema uongo wote. Korea Kusini mwaka 2014 walichapisha utafiti wa wanawake 63 waliokwisha kukoma hedhi. Walinusishwa neroli iliyopunguzwa sana kwenye mafuta ya lozi, dakika 5 mara mbili kwa siku, siku 5, na kile kipimo cha chini cha presha kilishuka kidogo ukilinganisha na walionusa mafuta ya lozi matupu. Kumbuka walinusa, hawakunywa. Na walikuwa wanawake wazima wa afya, wachache, kwa siku chache. Harufu nzuri inamlegeza mtu, hilo sisi wapambaji tunaliona kila singo, bi harusi anaingia mabega yako masikioni na anatoka amelala usingizi. Dawa ya presha ni jambo jingine.

Sasa mdanzi wa babu, na hapa moyo wangu umefurahi kweli. Siku hizi midanzi inakatwa kwa sababu danzi haliliki, watu wanataka kiwanja. Wako usiukate. Lakini mafuta usiyahesabu: kilo nzima ya maua itakupa gramu moja, matone ishirini na kitu. Pika maji. Maji ya ua la mdanzi ndiyo yatakayoingia kwenye singo yako badala ya maji ya kawaida ya kulowekea liwa, na ndiyo yatakayoingia kwenye mrashi wako siku ya harusi.

Mvua zikinyesha baada ya kiangazi na mti ukachanua, chuma asubuhi umande ukiisha, maua yaliyofunguka au yanayokaribia, usiyaponde. Hakikisha mti haukupigwa dawa ya wadudu. Nusu kilo ya maua, lita 2 za maji. Sufuria kubwa pana, katikati weka kigae safi, juu ya kigae bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, maua na maji vizunguke pembeni. Funika kwa kifuniko kilichopinduliwa, kirungu kikiangalia chini ndani, na mgongoni mwake weka barafu. Moto wa chini kabisa. Mvuke unapanda, unagonga chuma baridi, unateremka hadi kwenye kirungu na kudondoka bakulini, tone kwa tone. Barafu ikiyeyuka, ifute na uweke nyingine. Ukipata nusu lita zima moto. Ukiendelea maji yataanza kunukia mboga iliyochemshwa na yataharibu ya kwanza.

Tazama juu ya bakuli likiwa bado na uvuguvugu. Utaona vijicho vidogo vya dhahabu vinaelea, kama vya mchuzi wa kuku wa kienyeji. Hiyo ndiyo neroli yako, ya babu. Usiiengue, itikise na maji yake.

Chupa uichemshe kwanza, kisha uhifadhi kwenye friji na utumie ndani ya wiki chache. Yakiwa na utando au harufu ya kuchacha, mwaga. Ya kunywa yanataka usafi mwingine kabisa, kwa hiyo haya yabaki ya mwili na ya nyumba, yasiingie machoni. Nayo pia uyajaribu kwenye kiwiko kabla ya kumsinga mtu.

Maua ya Muheza mwambie shemeji yanafaa kwa maji vilevile. Ni ya mchungwa mtamu, harufu yake ni nyepesi na haikai sana, na mafuta yake hayana thamani ya mdanzi. Ila kila ua analokupa ni chungwa moja ambalo huenda asilivune, kwa hiyo ukubaliane naye mapema, na muulize amepiga dawa lini.

Kazi usiache. Ngoja bi harusi huyu aonwe na daktari na wazee wao wakusikilize, kisha pokea ya kwanza itakayokuja, na siku hiyo usitie kitu kipya bakulini, tumia singo yako uliyofundishwa. Ile chupa nyeupe usiitupe mpaka kliniki zote mbili zimeiona.

Na mama, akitoka zahanati, mpe chai yake ya mchaichai bila tone la kitu. Mdanzi ukichanua, chuma kikombe kimoja cha maua usiku kabla hajalala, uweke kwenye kisahani karibu na mto wake. Ni mti wa baba yake, harufu hiyo anaijua tangu utotoni.